Kistuli Kifupi

3 Machi

Dada yangu, Matroni wa wote,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta mzima, na sauti yako bado ni ile ile iliyokuwa inaamsha bweni zima bila kengele. Huku hatujambo. Mwanangu anakusalimu sana, mumewe anakusalimu, na paka wao naye angekusalimu kama asingekuwa amelala juu ya bahasha.

Nimetoka hospitali na nimeletwa hapa kwa mwanangu, maana daktari aliposikia kwamba kwangu karakana na kitanda viko chumba kimoja alikataa katakata. Kazi waliyonifanyia ni ya kifundi. Zile pingili za chini zilizokuwa zinasagana wamezifunga kwa vyuma viwili na skrubu, sasa tunasubiri zishikane ziwe mfupa mmoja. Miaka yote nimefunga makabati ya watu skrubu, safari hii nimefungwa mimi. Masharti ni kwamba nisiiname, nisibebe kitu, nisijipinde. Kutoka kitandani nageuka mzima mzima kama gogo. Hata barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la droo, kwa sababu nikikaa kitako muda mrefu panachoma. Panachoma kidogo tu. Usihangaike.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, Dada. Nikikohoa chumbani, mkwe anasema "pole Baba" akiwa sebuleni. Kuna mambo ya mwili siwezi kuyasema huku mkwe anayasikia.

Na mkwe mwenyewe unamkumbuka, mwalimu wa udereva, mtu wa heshima iliyopitiliza. Nikifanya mazoezi ya kutembea koridoni anakuwa nyuma yangu: "Taratibu Baba. Kata kulia. Usiharakishe." Nikiyumba kidogo nasikia mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu, unatafuta breki. Lakini chumbani kwangu hajawahi kuingia. Anaishia mlangoni, anaangalia viatu vyake, na mimi sijamkaribisha.

Anayenihudumia ni mwanangu. Hiyo nayo ni aibu, ila ni damu yangu, na mimi nilimwogesha alipokuwa mdogo. Wiki ijayo anasafiri kikazi, anakwenda kukagua hesabu za matawi ya kampuni yao, na atachelewa kurudi. Nimemwambia aende. Tutabaki wanaume wawili na paka.

Mdogo wako,
Fundi


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na manyoya ya paka. Sisi tupo. Mwanangu amepandishwa cheo kazini na sasa anaongea kama tangazo la redio. Mkamwana wangu ananipikia, ananifulia, na kila jioni ananiuliza kama nataka chai kwa sauti ile ile, nami namjibu asante kwa sauti ile ile. Tumeishi hivyo tangu walipooana na hatujawahi kugombana. Hatujawahi kuzungumza pia.

Sasa wewe. "Panachoma kidogo tu" ni maneno ya watoto wa bweni waliovunjika mkono wakiruka ukuta. Niambie ukweli. Kidonda kikoje? Ule mguu uliokuwa unakufa ganzi, umerudi? Unapanda ngazi? Ulipoamka baada ya kupasuliwa ulijuta? Nauliza tu. Mgongo huu ni wa ukoo wetu, mama yetu aliinama mpaka akazikwa ameinama, kwa hiyo nina haki ya kuuliza.

Na dawa umeze kwa wakati. Usisubiri maumivu yaje ndipo uyafukuze. Maumivu ni kama wasichana wa bweni, ukiyaacha yaanze kelele huyanyamazishi tena.

Nitakuja mwisho wa mwezi.

Dada yako


29 Machi

Dada,

Shikamoo. Poleni na kazi, na mpe hongera mwanao kwa cheo. Huku mvua imeanza, mapipa yamejaa, paka amekataa kutoka nje.

Nimekusubiri mwisho wa mwezi na naona umefika bila wewe. Si kitu. Ila kuna jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia mwingine. Usicheke.

Kabla mwanangu hajaondoka alimpa mumewe maagizo: dawa za Baba mpelekee chumbani, ameze kwanza ndipo atoke. Mkwe anafuata maagizo kama alama za barabarani. Kila wakati wa dawa unapofika anagonga mlango, anasema "Baba, dawa", anaufungua kidogo, anaingiza mkono, anaweka kisosi juu ya kistuli kilichopo hapo mlangoni, halafu anaondoka. Kisosi kimefunikwa kitambaa safi. Maji ninayo juu ya kabati. Utaratibu mzuri kabisa.

Kistuli hicho nilikitengeneza mwenyewe. Ni zawadi yangu ya harusi yao, unakumbuka nilivyojisifu mbele ya wageni kwamba stuli nzuri inapaswa kuwa chini ya goti? Sasa kiko chini ya goti. Na mimi siruhusiwi kuinama, na hata ningeruhusiwa, mgongo umegoma. Siku ya kwanza nilijaribu kukunja magoti nikishika kitasa. Nilifika nusu ya safari, nikaona nyota, nikabaki hapo nimening'inia mlangoni kama koti mpaka nguvu ziliporudi.

Najua utakachosema. Mwambie aweke juu ya kabati. Lakini juu ya kabati, karibu na kitanda, ndipo ilipo chupa yangu ya kukojolea. Mkwe aingie chumbani kwangu aione chupa? Anyooshe mkono aweke dawa zangu karibu na mkojo wangu? Huyu ni mtu aliyekuja kwetu na wazee wake, akaketi mbele yangu akitetemeka, akaniomba binti yangu. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kitini nimenyoosha mgongo.

Kwa hiyo nafanya hivi. Nikisikia gari lake limeondoka, naondoa kitambaa kwa ncha ya fimbo, halafu navisukuma vidonge vinaanguka na kuviringika chini ya kabati kubwa la nguo. Akirudi anakuta kisosi kitupu. Hahuzuniki, na mimi sijamlazimisha mkwe wangu aingie chumbani kwangu.

Maumivu nayavumilia. Yanaanzia kiunoni yanashuka mguuni, na asubuhi nauma shuka. Chakula tunakula pamoja mezani, nafunga shuka langu kiunoni vizuri, natabasamu. Jasho linanitoka, nasema ni pilipili. Jana chakula hakikuwa na pilipili.

Naona aibu kukuandikia haya, lakini nimeyaandika.

Fundi


10 Aprili

Wewe mtoto,

Salamu nimeziacha nje ya barua, nina hasira.

Umefungwa skrubu mgongoni na bado unafikiria chupa ya mkojo! Mficha uchi hazai, hilo umelisikia tangu utotoni. Na mficha maradhi je? Nani humuumbua? Malizia mwenyewe. Unafikiri mkwe hajui kwamba unakojoa? Anadhani maji unayokunywa yanakwenda wapi?

Mimi nimeosha watoto wa watu walioharisha bweni zima, nimeshika matapishi, nimeshika yote. Mwili ni mwili. Ingekuwa ni mimi, ningesema mara moja: mwanangu, kistuli ni kifupi, niinulie. Maneno machache tu, hayazidi hapo. Yaseme leo. Usiposema nitamwandikia mkwe mwenyewe, na unajua ninavyoandika.

Kuja bado sijaweza. Paa la jikoni linavuja na fundi ananizungusha. Nitakuja mafundi wakimaliza.

Na hukujibu lile nililokuuliza. Ulipoamka, ulijuta?

Dada yako


4 Mei

Mdogo wangu,

Kimya chako kinanitisha. Nimepiga simu, mkwe akapokea, akasema "Baba amelala." Nikapiga kesho yake, akasema "Baba amelala." Sauti yake haikuwa ya mtu anayezungumzia usingizi.

Niandikie hata mstari mmoja. Sitakugombeza.

Dada


20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nipo hai. Mwanangu alirudi mara moja, akalia, akanigombeza, akanipikia, akaondoka tena kumalizia kazi, na anakusalimu. Paka amezaa. Huo ndio upande mwepesi wa habari.

Barua yako ya Aprili niliipata na sikuitii. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, mlango ukigongwa nikasema "asante mwanangu" na basi. Mkwe akaanza kuniona nakonda. Siku moja mezani kijiko kiliniponyoka kwa maumivu, akaacha kula, akaita hospitali: Baba anameza dawa zote na bado anaumia. Wakasema aletwe. Alinipeleka kwa lile gari lake la mafunzo, limeandikwa ubavuni MWANAFUNZI ANAENDESHA, mimi nimelazwa kiti cha mbele, kila shimo ananiomba radhi.

Daktari akaniuliza, mkwe akiwa amesimama pale pale: "Mzee, unameza zote?" Dada, ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Mkwe ananiangalia kwa huruma. Ningesema hapana, angejua kwamba kila kisosi alichokifunika kwa kitambaa nilikimwaga chini ya kabati. Nikasema, "Naam, zote."

Basi daktari akaona dawa ile imeshindwa. Akaandika kali zaidi, akamwambia mkwe ahakikishe nameza mbele yake. Sikuweza kukwepa tena. Mkwe alisimama mlangoni, mkono ameunyoosha, macho chini, nami nikameza. Mwili ambao ulikuwa haujaonja dawa kwa wiki nyingi ukapewa dawa ya mtu aliyezizoea. Asubuhi nikameza, nikajilaza, nikasikia maumivu yanaondoka kama wageni, mmoja mmoja, na mimi nikaondoka nao.

Mkwe alirudi mchana, kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine. Aliita mlangoni, sikujibu. Aliingia. Ndiyo mara ya kwanza kuingia chumba hiki, na alikuta midomo yangu imebadilika rangi, pumzi inakuja ikijisikia. Na kitanda kilikuwa kimechafuka, Dada, si kwa mkojo peke yake. Sitaandika zaidi. Nilikuwa nasikia kwa mbali lakini kope hazikuinuka. Aliita gari la wagonjwa, akaniamsha kwa kunipiga mashavu, na wakati analisubiri akaniosha. Nilikuwa namsikia. Kila alipopitisha kitambaa alisema, "Samahani Baba. Samahani Baba."

Hospitalini walinizindua. Walimuuliza nimemeza nini na kiasi gani, akarudi nyumbani kutafuta. Alikuja na kisosi kile kile, kimefunikwa na kitambaa. Akakiweka mbele ya daktari, akafunua. Vidonge vyote vya tangu Machi, vina vumbi na manyoya ya paka. Daktari aliviangalia, akaniangalia mimi. Mimi niliangalia dari. Nilitamani ile dari iniangukie.

Alinirudisha nyumbani kwa gari lile lile. Tulipofika kwenye taa nyekundu akaniuliza, bila kugeuka, "Baba, kistuli ni kifupi?"

Nikasema, "Ndiyo."

Taa ikawaka kijani, akaendesha.

Jioni alileta vipande vya mbao na msumeno wangu, akaniomba nimwelekeze. Nilisimama mlangoni na mkanda wangu mpana wa kushikilia mgongo, nikimwambia taratibu, usiharakishe, shika chini zaidi. Amekata vibaya, amegonga misumari mitatu imepinda. Kistuli sasa kina miguu mirefu na kinayumba kama mlevi, lakini kinafika kiunoni. Naokota dawa nimesimama. Daktari amenirudisha kwenye ile ya kwanza, namwambia mkwe ukweli nikiumia, naye anaandika. Sasa tunapunguza kidogo kidogo. Wamenionya pia nisijinunulie vile vidonge vya kawaida vya maumivu, baadhi vinachelewesha mfupa kushikana. Na dawa ya kulainisha choo nimepewa, maana hilo nalo lilikuwa linaniua nikiwa nimenyamaza.

Ila kuna kitu kimebaki, nacho kinaniuma kuliko mgongo. Daktari anataka nitembee nje kila siku, nivae suruali na viatu. Siwezi kufika miguuni mwangu, kwa hiyo mkwe ananiogesha na kunivalisha. Na ananivalisha hovyo. Suruali inakuwa nyuma mbele. Soksi, kisigino kinakaa juu. Anafanya haraka haraka, hasemi neno, anamaliza anatoka. Mtu huyu anafunga vizuri hata mikanda ya wanafunzi wake. Nimeelewa. Ananichukia, na ana haki. Tangu alipoona alichokiona siku ile mimi si baba mkwe tena, mimi ni kazi ya kinyaa inayotakiwa kuisha. Mimi nasimama bafuni nikiangalia kigae kimoja chenye ufa mpaka amalize. Ufa ule naujua sasa kuliko uso wake.

Ulisema utakuja. Njoo, Dada. Nivalishe wewe.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimelala, na nimelala kwa sababu siwezi tena kusoma nikiwa nimekaa.

Paa la jikoni halivuji. Halijawahi kuvuja. Sikuja kwa sababu siwezi kupanda ngazi za basi. Tangu mwaka jana natembea nikishika ukuta, na mguu wa kushoto nauburuta. Madaktari wameniambia kile kile walichokuambia wewe, vyuma na skrubu. Nikawaambia nasubiri, mdogo wangu ametangulia, nione yeye atasema nini. Ndiyo maana nilikuuliza kama ulijuta. Nilikuwa nakusoma wewe nikijitafuta mimi.

Nilikugombeza kwa chupa ya mkojo. Ningesema mara moja, nilikuandikia hivyo, kumbe mimi nina ndoo chini ya kitanda, na kila asubuhi nasubiri mkamwana aende dukani ndipo naipeleka mpaka bafuni kwa kuisukuma na mguu mzima. Aliwahi kunikuta. Nilimwambia nadeki. Miaka yote ya bweni niliwaambia wasichana wa watu kwamba mwili ni mwili. Kumbe nilikuwa nazungumzia wa kwao.

Wamenipangia mwisho wa mwezi huu. Mwanangu yuko na cheo chake, hatakuwepo. Atakayenigeuza, atakayeniosha, atakayenipa dawa ni mkamwana, ambaye sijawahi kumwambia neno zaidi ya asante. Naogopa kisu, lakini kisu ni cha siku moja.

Sina hasira tena ya kukupa wala ushauri. Nina swali moja, nijibu upesi. Wakati anakuosha, mtu unaangalia wapi?

Dada yako


11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nakujibu siku ile ile niliyoipokea barua yako, nimesimama hapa kwenye kabati.

Kwanza hili uliloniuliza mara mbili nikalikwepa. Sikujuta kupasuliwa. Mguu umerudi, naukanyaga. Nilichojuta ni kile nilichokifanya baada ya hapo, na hicho wewe hulazimiki kukifanya.

La pili. Nilipomaliza kusoma barua yako, mkwe aligonga, ulikuwa wakati wa kuoga. Nilisimama pale pale, nikashika bomba la ukutani, nikaanza kuangalia kigae changu. Halafu nikakumbuka swali lako, nikaona nitamjibuje Dada, nimwambie aangalie ufa? Akainama kunivalisha suruali. Nikaacha ukuta, nikamtazama.

Alikuwa amefumba macho, Dada. Ameyafumba kwa nguvu, uso ameugeuzia pembeni, mikono inapapasa kutafuta mguu wangu uko wapi. Wiki zote hizi ananivalisha hivyo. Ndiyo maana suruali, ndiyo maana soksi. Mimi nilidhani ni kinyaa. Alikuwa ananitunzia heshima yangu.

Nilicheka mpaka skrubu zikauma. Alishtuka, mguu wake ukakanyaga sakafu, akitafuta breki. Nikamwambia, "Mwalimu wa udereva, unaendeshaje umefumba macho?" Naye hakujua acheke au aombe radhi. Nikamwambia tena, taratibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake, "Fumbua macho, mwanangu. Huo ni mguu wa kushoto."

Akafumbua. Leo nimetembea mpaka barabara kubwa na suruali yangu inaangalia mbele.

Basi mwite mkamwana wako leo, kabla ya hospitali. Mwonyeshe ndoo ilipo. Mwambie meza ya dawa iwe juu. Mwambie panapokuuma. Halafu akianza kukuosha, mtazame yeye. Yawezekana naye amefumba.

Mdogo wako,
Fundi